Zulia la Mistari ya Kijani

Göteborg, 3 Septemba 2018

Dada Ylva,

Ile ofisi inayopokea barua zangu na kukufikishia bila mimi kujua unakaa nyumba gani imeniambia kwamba sasa zitachukua siku tisa. Siku tisa! Konokono angeshafika na kupumzika. Basi soma hii ukijua kwamba habari zake zimeshachacha.

Nimepata kazi. Safari hii si jiko la mtu wala duka la viatu, ni fleti nzima ya kupangisha wageni wa likizo, ghorofa ya nne, madirisha matano yanayotazama bustani. Mwenyewe ni daktari wa meno. Akaniambia, "Nataka mgeni akifungua mlango aseme, ahaa, hii ndiyo Skandinavia yenyewe." Nilitaka kumjibu kwamba Skandinavia yenyewe ni soksi mbichi juu ya hita na mtu analalamikia bei ya kahawa, lakini mtu ana kodi yake ya kulipa, nikatabasamu.

Kuta nimezipaka weupe wa aina tatu. Usicheke. Chumba cha kaskazini mwanga wake ni wa kibuluu, ukikipaka weupe mtupu wageni wataonekana kama maiti, kwa hiyo pale nimetia tone la manjano. Sakafu nimeisugua kwa sabuni ya kipande, magoti yakaniuma siku nne, mpaka mbao zikawa na rangi ya mkate uliomegwa. Meza moja ya duara, viti vinne vya kusukwa, taa moja iliyoning'inia chini sana juu ya meza ili watu wakae karibu. Shuka za kitani, ngozi ya kondoo kwenye kiti cha dirishani. Mapazia hakuna hata moja, na najua hapo umeshakunja uso. Nyumba yako wewe, kama ulivyoniandikia, imefunikwa kama chungu.

Nilipomaliza nikasimama katikati ya ukumbi nikaona nimetengeneza hospitali. Kila kitu safi, kila kitu kimekufa. Chumba cheupe kinataka kitu kimoja kilichotoka mkononi mwa mtu, kitu chenye kasoro. Nikakimbia nyumbani, nikakunja lile zulia la matambara ulilonipa siku yangu ya kuzaliwa, lenye mistari ya kijani, nikalitandaza. Dada, chumba kikapumua! Mpiga picha alipokuja hakutaka kupiga kitu kingine. Tangazo limetoka juzi na fleti imeshajaa hadi Desemba.

Mbusu Runa. Mwambie mama yake mdogo anajigamba.

Disa

*

13 Septemba

Disa,

Hongera kwa kazi.

Liondoe lile zulia leo hii. Picha nazo mwambie huyo daktari azitoe, apige nyingine. Weka zulia lolote, maduka yamejaa.

Runa hajambo, ana jino linalotikisika. Mimi sijambo. Tafadhali nifanyie hilo bila kuuliza.

Ylva

*

Göteborg, 17 Septemba

Dada wa mimi,

Barua mistari minane, na mitatu ni amri! Hujabadilika tangu uliponifundisha kuendesha baiskeli.

Nimekuelewa lakini. Unaona haya. Siku zote kazi yako ukisifiwa unajificha nyuma ya mlango. Sasa sikiliza: siliondoi. Mwenye fleti atanila nyama, na wewe utakosa wateja. Nimeshaanza kukutafutia. Kuna mama mmoja mzee, Bi Wester, amechukua fleti wiki nzima kuanzia tarehe 24, na ameniandikia kwamba anakuja kwa ajili ya zulia tu. Anasema amelitazama kwenye picha mpaka macho yakamwuma. Anataka kujua mfumaji ni nani na kama anapokea kazi.

Usiogope, jina lako sikulitia popote. Mimi si mjinga. Chini ya picha niliandika tu kama inavyoandikwa kwa kila kitu katika fleti: kiti kimetengenezwa na fulani, mji fulani, bakuli na fulani, mji fulani. Kwako nikaandika: "Zulia la matambara, limefumwa kwa mkono, Härjedalen." Basi. Ni wilaya nzima, ina miti kuliko watu. Kitu kisichoandikwa kimetoka wapi wageni wanadhani ni cha kiwandani, na hiyo ni aibu katika kazi yetu.

Nitampelekea Bi Wester kahawa tarehe 27 nimsikie. Huenda akakuagizia mawili.

Disa

*

27 Septemba

Disa,

Barua yako imefika asubuhi hii. Nimeshaharibu karatasi mbili. Leo ndiyo tarehe uliyosema utampelekea kahawa.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha. Nilidhani ukitii bila kuuliza yataisha. Sasa nakwambia.

Siku niliyomkimbia Henning nilibeba mtoto, karatasi za mtoto, na kapu la nguo chafu kwa sababu ndilo lililokuwa mlangoni. Nguo za Runa hazikufika tano. Zilizobaki zilikuwa mashati ya Henning. Sita. Mama yake alikuwa akimshonea shati kila siku yake ya kuzaliwa, kitambaa kile kile cha kijani chenye mchirizi mwekundu mwembamba kama uzi wa buibui, alichokiweka kwenye sanduku tangu ujana wake. Hakiuzwi popote tena. Kule nilikofikia sikuwa na kitu, nikapewa kitanda cha kufumia na wanawake wa pale, na matambara kila mtu alete yake. Mimi nilikuwa na mashati. Nikayachana vipande vipande. Nilifurahi, Disa. Nilikuwa nayakanyaga kila nikiamka. Kisha Runa akaanza kuuliza kijani hicho amekiona wapi, nikakupa wewe. Kulitupa sikuweza, ni kazi ya majira yote ya baridi.

Na Wester ni jina la ukoo la mavyaa wangu, Gunborg, kabla hajaolewa. Wewe hukuwahi kumwona. Tulifunga ndoa ofisini, mashahidi wawili, wewe ukiwa Kopenhagen shuleni.

Ndiye aliyesimama mahakamani akaapa kwamba usiku ule alikuwa amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa mlangoni pa jikoni na kandambili zake, nikamwona, na yeye aliniona. Henning akaachiwa.

Kama ni yeye, ametumwa. Kama si yeye, ni Henning mwenyewe amejiandika kwa jina la mamake. Usiende. Kama umeshaenda, nieleze kila neno ulilosema, hata la upuuzi. Barua hii naipeleka mji mwingine niiposti huko kama kawaida, itachukua siku tatu. Ninaandika huku nikisikiliza magari. Hapa kwa siku yanapita manne, na leo nimehesabu saba.

Ylva

*

Göteborg, 28 Septemba

Dada,

Laiti ungekuwepo jana! Bi Wester ni mtu wa kupendeza kweli. Mdogo, mgongo umeinama kidogo, alivua viatu akavipanga sambamba ukutani utadhani yuko kanisani. Nilipoingia alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi, anapitisha vidole kwenye zulia, mstari baada ya mstari. Nikamwuliza, "Bibi, kuna kasoro?" Akasema, "Hapana mwanangu, natazama mshono." Nikamwambia mazulia hayashonwi, yanafumwa. Tukacheka. Nikatoa mikate ya mdalasini.

Mgeni mwingine angesifia taa, angesifia viti. Yeye hakuangalia chochote. Akauliza juu ya mfumaji. Jina sikutaja, tulia. Nilisema ni mama mwenye binti wa miaka tisa, wanakaa upande wa Sveg, na kwamba kila Jumanne anafundisha watoto kufuma kwenye shule ya pale. Akaniuliza mtoto ni mzima? Anakua? Anajua kuogelea? Nikasema ni samaki yule. Basi akaanza kulia, machozi yanadondokea kikombeni, akaniambia ana mjukuu wa umri huo ambaye haonani naye. Nilimkumbatia. Dada, kama ingekuwa filamu ningesema wamezidisha.

Hakuagiza zulia. Alipiga picha chache tu.

Disa

*

Göteborg, 1 Oktoba

Ylva,

Imefika. Barua yako ya tarehe 27 nimeisomea ngazini, nikakaa pale pale.

Tarehe 28 nilikuposti nyingine. Ikikufikia utaona nilichofanya. Nilimwambia Sveg. Nilimwambia shule. Nilimwambia Jumanne. Nilimpa na mikate ya mdalasini.

Nilikimbia hadi kwenye fleti na taksi. Nilifungua mlango nikiwa nimeshika mkasi wa kitambaa, sijui nilitaka kufanya nini nao. Hapakuwa na mtu. Ameondoka jana, siku moja kabla ya muda wake. Vikombe vimeoshwa, shuka zimekunjwa, funguo katikati ya meza. Na bahasha imeandikwa "Kwa mfumaji". Niliifungua, unisamehe. Niliisoma nimesimama kwenye ukumbi wangu mweupe wenye madirisha matano yasiyo na mapazia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mtu yeyote pale bustanini ananiona mpaka kucha. Nililala chini sakafuni nikaimaliza huko huko.

Kisha nikampigia simu afande Marit, yule mwenye namba yako. Nilimsomea yote, naye akayaandika. Amesema atakupigia dakika ile ile. Kwa hiyo hii ikikufikia utakuwa umeshaondoka, na ofisi itaipitisha njia yako mpya. Barua ya mama huyo naiweka humu. Simjui, sijui niamini nini.

Zulia nimelikunja. Nimelifunga kwenye gunia. Daktari amenipigia akiuliza mbona mgeni mpya analalamika ukumbi ni baridi, nikamkatia simu.

Maji yameshamwagika na niliyemwaga ni mimi.

Disa

*

Göteborg, katika fleti, 30 Septemba

Ylva,

Hutaki kusikia sauti yangu, kwa hiyo nitasema haraka.

Henning anafuatilia kazi zote za mdogo wako kwenye mtandao, tangu mwaka ulioondoka. Kila chumba anachopamba, yeye hukikuza kwenye kioo cha kompyuta akitafuta alama yako. Mwanzoni mwa mwezi huu aliniita juu chumbani kwake. "Mama, hiki kitambaa si chako?" Nikasema sioni vizuri. Akachukua mkono wangu akaukandamiza juu ya meza mpaka nikaona vizuri. Yeye mwenyewe asingeweza kuja, mdogo wako anamjua sura kwa picha, basi akanituma mimi. Niulize ni wapi, nirudi nimwambie.

Nimeuliza na nimejibiwa. Msichana yule ana moyo mwema, hakuona ubaya. Usimgombeze.

Wakati napitisha vidole kwenye zulia nilikuwa nayahesabu mashati. Yapo yote sita. Hilo la mwisho nililishona akiwa na miaka thelathini na tano, na kola yake niliigeuza mara mbili. Sikukasirika kuyaona yamechanwa. Sijui kama utaniamini.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo nilivyojiambia mahakamani. Nilijiambia mtoto ni mtoto. Lakini ukweli ni kwamba nilimwogopa. Nimemwogopa tangu ana miaka kumi na minne. Wewe umemkimbia miaka mitano, mimi nakaa naye chini ya dari moja, naye yuko juu, nasikia kila hatua yake.

Asubuhi hii nimempigia simu. Nimemwambia kwamba tangazo limekosea mahali, mfumaji yuko kusini, pwani ya Österlen, kijiji sikukipata jina. Kule kila kijiji kina mfumaji. Ameondoka na gari tayari, nilimsikia kwenye simu akiwasha. Atazunguka wiki nzima, labda mbili. Kisha atarudi nyumbani kwangu, atakuwa anajua.

Hama. Usisubiri kufunga vitu.

Gunborg

*

4 Oktoba

Disa,

Tuko mahali. Hapa pia nitakuwa na pazia.

Marit alinipigia nikiwa shuleni, Jumatatu, nikiandaa nyuzi za kesho yake. Kufikia saa sita tulikuwa ndani ya gari la watu wengine. Runa alikuwa na kitambaa nusu kwenye kitanda cha kufumia, akauliza nani atakimalizia. Nilisema mwalimu. Akasema, "Mwalimu si wewe?" Jino lake limetoka njiani, amelishika mkononi saa nzima bila kusema kitu, kwa sababu aliona uso wangu. Hilo ndilo linalonifanya nimchukie Henning kuliko yote. Mtoto wa miaka tisa anajua kunyamaza.

Barua ya Gunborg, Marit amenisomea kwa simu. Nilisikiliza nikitafuta mtego. Nimeutafuta siku tatu. Labda alimwambia Sveg na anatufukuza tutoke vichakani ili atuone barabarani. Labda Henning alikuwa amesimama nyuma yake akimwambia andika hivi. Naogopa hata karatasi.

Lakini kuna lile la kola. Kweli aliigeuza mara mbili, niliichana mimi mwenyewe nikaona mshono chini ya mshono. Mtu anayeandika kwa kulazimishwa hakumbuki kola.

Kama ni kweli, basi ameketi nyumbani kwake anamngoja. Siwezi kulala na hilo. Nenda kwake Alingsås ukamtoe. Marit anayo anwani. Usiende peke yako, na usiingie kama kuna gari uani. Sikulaumu, mdogo wangu. Nilikuficha nililopaswa kukwambia, na wewe ulisema ya kujivunia. Tumegawana kosa.

Ylva

*

Alingsås, 15 Oktoba

Ylva,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Unisamehe maandishi. Wa kulia una plasta.

Mdogo wako alikuja Jumamosi saa tano asubuhi, na jirani yangu Birger nyuma yake amebeba koleo la theluji, na theluji yenyewe hata haijaanguka. Akaniambia, "Bibi, vaa koti twende." Nikakataa. Alilia, akanivuta mkono. Nikamwambia, nikiondoka Henning akanikosa, atajua saa ile ile, ataanza kuwatafuta leo. Nikiwepo ataanza na mimi. Itamchukua muda. Ylva, wewe na mtoto mtakuwa mmepata siku moja zaidi. Ndicho pekee nilichokuwa nacho cha kuwapa.

Disa hakuondoka. Alibaki jikoni, Birger akarudi kwake kupiga simu.

Henning alifika saa nane. Alivua viatu mlangoni, kama mtoto niliyemlea vizuri. Akaniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini. Nikasema, "Nimekudanganya, Henning, na ukiniuliza tena nitakudanganya tena." Sikujua kama nina sauti hiyo. Yaliyofuata ni huu mkono. Disa alipiga kelele, akamrushia sufuria ya kahawa, na nadhani hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu alimgeukia yeye na Birger akaingia. Polisi walikuta watu watatu wazima wamekaa juu ya mwanangu.

Huko kituoni niliulizwa kuhusu mkono. Nikajibu kuhusu mkono. Kisha nikasema nina jambo lingine, la zamani. Nikawaambia nilisimama mlangoni pa jikoni. Nikawaambia mikono yake ilikuwa wapi kwenye shingo yako, na kwamba mtoto alikuwa chini ya meza amekumbatia mguu wa kiti. Nikawaambia niliapa uongo. Wameandika yote, nimetia sahihi. Huenda wakanishtaki. Sawa.

Wamemzuia. Wanasema mpaka kesi, lakini hawasemi kesi ni lini, na mara ile nyingine pia walisema hivyo.

Hatua zile za juu ya dari sasa hazisikiki, na bado nalala na kiti mlangoni.

Sikuombi unisamehe. Nimechelewa mno kwa hilo. Nakuomba kitu kimoja: usirudi mpaka nikuandikie tena. Na nisipoandika, usirudi kabisa.

Gunborg